Breki Iliyofichwa: Ni Nani Mwenye Gari?

Limezuka siku hizi katika gereji za miji yetu jambo ambalo wananchi wengi hawajalitia maanani, ingawa linagusa uhai wa watu barabarani na heshima ya taifa katika mambo ya ufundi. Pikapu nyingi za kisasa hutoka kiwandani zikiwa na uwezo ambao mwenye gari haambiwi, wala hana kitufe cha kuupatia. Uwezo huo umo ndani ya kompyuta za gari, umelazwa usingizi. Fundi mwenye kompyuta ndogo, waya wa kuunganishia na programu ya uchunguzi anaweza kuuamsha kwa kubadili tarakimu chache tu. Miongoni mwa uwezo huo uliofichwa, mmoja una manufaa makubwa na hatari kubwa kwa pamoja, nao ni ule wa breki kujishikilia yenyewe gari linaposimama.

Makala haya yanakusudia kulipima jambo hilo kwa haki. Hatuna nia ya kuwatisha mafundi, wala ya kuwatetea wenye viwanda. Twataka kuonyesha kwamba swali la nani aifungue breki iliyofichwa halijibiwi kwa kukataza kila kitu, wala kwa kuachia kila mtu atende apendavyo. Hujibiwa kwa elimu iliyo wazi.

KAZI YA BREKI HIYO

Dereva anapokanyaga breki, mafuta ya breki husukumwa katika mabomba hadi kwenye magurudumu, na msukumo huo ndio unaobana. Akiondoa mguu, msukumo hurudi na gari huachiliwa. Mwaka 1978 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza mfumo wa ABS wa kuzuia magurudumu yasifunge, ukatiwa kwanza katika magari ya Mercedes-Benz. Tangu hapo, kati ya kanyagio na magurudumu pamewekwa vali ndogo ziendeshwazo kwa umeme. Baadaye ikaongezwa kompyuta ya kuzuia gari lisiteleze. Kwa vali hizo hizo, kompyuta inaweza kuufungia msukumo ndani ya mabomba hata baada ya dereva kuondoa mguu, na gari likatulia mpaka akanyage mafuta.

Manufaa yake yanaonekana mara moja mtu akiifikiria njia ya kutoka Mbarara kwenda Nakivale. Gari hushika barabara ya Kikagati, likapita Kaberebere na kufika Isingiro katikati ya vilima vya migomba, kisha huiacha barabara kuu na kuteremka kuelekea ziwa. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyofunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, ni miongoni mwa makazi ya zamani kabisa ya namna hiyo barani Afrika. Leo yana watu zaidi ya 150,000, wengi wao kutoka Kongo, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Watu hao huishi kwa kilimo na biashara, na mambo hayo mawili hayaendi bila gari. Mahindi na maharage hupanda kwenda Mbarara. Mabati, sabuni, chumvi na dawa huteremka kwenda Nakivale. Pikapu hubeba magunia, na mara nyingi juu ya magunia hupanda watu, jambo lisilofaa lakini lililopo.

Dereva wa gari kama hilo akisimama mlimani ana kazi tatu kwa miguu miwili: klachi, breki na mafuta. Breki ya mkono, ambayo waya wake umekula vumbi na kutu kwa miaka mingi, mara nyingi haishiki. Ndiyo maana utingo hushuka mbio akatia jiwe nyuma ya gurudumu. Kwa watu wa namna hiyo, breki inayojishikilia yenyewe si anasa hata kidogo. Polisi ya Uganda ilihesabu zaidi ya watu 5,000 waliopoteza maisha katika ajali za barabarani mwaka 2024. Katika nchi yenye hesabu kama hiyo, kila chombo cha kulizuia gari chastahili kufikiriwa kwa makini.

KOMPYUTA HUKUBALI, MLIMA HAUKUBALI

Hata hivyo, kuna jambo ambalo kioo cha kompyuta hakimwambii fundi. Vali inayoufungia msukumo wa breki hukaa imefunga kwa nguvu za umeme, na umeme huo huipasha moto. Haikuundwa ili ikae hivyo saa nzima. Kwa sababu hiyo, katika gari lililoundwa kwa kazi hiyo tangu mwanzo, vali huwa na mrithi. Baada ya dakika chache, au dereva akifungua mkanda au mlango, kompyuta huamuru breki ya maegesho ya umeme ibane magurudumu ya nyuma kwa mota zake. Breki hiyo ikishabana, haihitaji umeme ili iendelee kushika. Hata betri ikifa, gari hubaki pale pale.

Sasa tulitazame gari lisilo na breki ya maegesho ya umeme, bali lina mkono wa kuvuta na waya kama magari ya zamani. Huenda kompyuta yake ya breki imetoka katika kiwanda kimoja na ile ya gari la bei kubwa, na programu yake ni ile ile. Fundi akibadili tarakimu, kompyuta hukubali, taa huwaka, na mwenye gari hufurahi. Lakini mrithi hayupo. Dereva asimamapo mlimani akashuka kuongea na mteja, gari hushikiliwa na vali peke yake. Umeme ukikatika, vali hufunguka. Na nyuma ya gari huwa kuna watu.

Huu si mfano wa kubuni tu. Ford Ranger ya kizazi kipya, inayoundwa Silverton karibu na Pretoria nchini Afrika Kusini, huuzwa katika matoleo mbalimbali: mengine yana breki ya maegesho ya umeme na mengine yana mkono wa kawaida. Jina la gari ni moja na umbo ni moja, lakini breki ni mbili. Wenye pikapu za Ford katika nchi nyingi hutumia programu iitwayo FORScan kuufungua uwezo uliolazwa, na wengi wao hufanya hivyo kwa akili na kwa mafanikio. Lakini programu haiwezi kuinama chini ya gari na kutazama kama mota ya breki ipo. Kazi hiyo ni ya fundi.

Hapa ndipo kiini cha jambo. Uwezo hufichwa kwa sababu zisizofanana. Wakati mwingine ni biashara: mwenye kiwanda ameufunga ili auuze kwa bei ya juu katika toleo jingine, ingawa kila kifaa kimo. Wakati mwingine ni sheria ya soko fulani. Wakati mwingine kifaa kimoja cha lazima hakikuwekwa, au uwezo huo haukupimwa kwa uzito ambao gari la namna hiyo hubeba. Katika kioo cha kompyuta sababu zote hizo hufanana: tarakimu moja badala ya nyingine. Asiyepewa maelezo hawezi kupambanua ulafi wa mfanya biashara na tahadhari ya mhandisi. Mwenye kiwanda anayeficha sababu pamoja na uwezo humfanya fundi adhani kwamba kila kufuli ni la ulafi.

HOJA ZA WENYE VIWANDA

Wenye viwanda husema kwamba wakiifungua milango ya kompyuta, waovu nao wataingia. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Marekani, Charlie Miller na Chris Valasek, walionyesha kwamba gari aina ya Jeep Cherokee lingeweza kuingiliwa kutoka mbali hata breki zake zikaguswa, na kampuni ikalazimika kuyaita magari 1,400,000 ili yarekebishwe. Twajua pia kwamba vifaa vya uchunguzi vinavyoamsha breki vina ndugu zao wanaorudisha nyuma hesabu ya kilomita, na wananchi wengi wamenunua magari machakavu kwa bei ya magari mazima kwa sababu ya udanganyifu huo.

Lakini yafaa tukumbuke kwamba mlango wenyewe ulifunguliwa na sheria. Marekani iliyataka magari madogo yote ya kuanzia mwaka wa modeli 1996 yawe na soketi moja ya uchunguzi ya namna moja, ili moshi wake upimwe. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001 na ya dizeli mwaka 2004. Soketi hiyo haikuwekwa kwa hisani ya viwanda. Wananchi waliidai kupitia mabunge yao. Mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts waliamua kwamba gereji yoyote ipate maelezo yale yale ya utengenezaji ambayo kampuni huwapa mawakala wake. Barani Afrika, Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilitoa mwongozo ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2021, unaotaka mafundi wa kujitegemea nao wapewe maelezo ya kiufundi ya magari. Nchi inayounda pikapu zinazopanda vilima vyetu imekwisha kulitambua jambo hili.

HOJA YA ULINZI

Sisi tulio katika utumishi wa jeshi tunalitazama jambo hili pia kwa jicho la ulinzi. Mwaka 1987 vikosi vya Chad, vikipanda pikapu za Toyota, vilivishinda vikosi vya Libya vilivyokuwa na vifaru, huko Fada mwezi Januari na huko Ouadi Doum mwezi Machi. Dunia nzima ilistaajabu. Pikapu za wakati ule hazikuwa na kompyuta ya kuombwa ruhusa. Aliyekuwa na spana, mafuta na akili aliweza kulirudisha gari vitani.

Tulinganishe na yaliyotokea mwaka 2022. Majeshi ya Urusi yalipouteka mji wa Melitopol nchini Ukraine, mashine za kilimo za John Deere zilichukuliwa kutoka kwa wakala na kusafirishwa hadi Chechnya. Zilipofika hazikuweza kutumika, kwa kuwa zilikuwa zimefungwa kutoka mbali. Wengi walicheka, nao walikuwa na haki ya kucheka, kwa maana mali ya wizi haikumfaa mwizi. Lakini mwenye busara hujiuliza swali la pili: mkono uwezao kumfungia mwizi, ni nani aliyeuwekea mpaka usimfungie mwenye mali? Mwaka 2023 wataalamu wa kompyuta wa Poland walitangaza kwamba walikuta, ndani ya treni zilizoundwa na kampuni ya Newag, maagizo yaliyozifanya zisiondoke baada ya kukaa katika karakana za watu wengine. Kampuni hiyo ilikana kwamba ndiyo iliyoyaweka. Vyovyote iwavyo, treni zilisimama, na abiria ndio walioumia.

Taifa lisilojua kilichomo ndani ya magari yake hupewa na kiwanda ruhusa ya kuyatumia tu, na ruhusa hutolewa na huondolewa. Neno hili lahusu magari ya wagonjwa, magari ya polisi na malori ya chakula cha wakimbizi sawasawa na magari ya jeshi.

MAFUNDI WA MBARARA NA NAKIVALE

Sheria ya Uganda ya mwaka 2018 ilikataza kuingiza nchini magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kuundwa. Nia yake ilikuwa njema, nayo ni kupunguza moshi na ajali. Lakini matokeo yake moja hayakusemwa kwa sauti: magari yanayoingia sasa yamejaa kompyuta, na fundi aliyezoea kusikiliza injini kwa sikio hana budi ajifunze kuisoma kwa kioo. Programu halisi za viwanda ni ghali, na leseni zake hulipiwa kila mara. Kwa hiyo fundi maskini hutafuta nakala isiyo halali, ambayo huenda ina kasoro, na kwa nakala hiyo huigusa kompyuta ya breki ya gari la watu. Huko ndiko kutembea gizani. Tukiligeuza neno hilo kuwa kosa la jinai tu, fundi hataacha. Atafanya usiku, na hataandika popote alichobadili.

Tuna bahati moja ambayo nchi nyingine hazina. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kusafiri. Mtu aliyekuwa fundi umeme wa magari huko Bukavu au Bujumbura anaweza kuendelea kuwa fundi huku kwetu, na ujuzi wake ukawa faida ya wenyeji. Lugha inayowaunganisha wengi wao na madereva na askari wetu ni Kiswahili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikifanya lugha yake rasmi mwaka 2021, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda likaidhinisha kitumike kama lugha rasmi. Hata hivyo, hakuna kitabu cha Kiswahili kilicho mikononi mwa mafundi hao cha kuwaeleza vali ya breki ya umeme ni kitu gani na huchoka lini. Tumeipa lugha cheo lakini hatujaipa kazi.

YAPASAYO KUTENDWA

Kwanza, elimu hii iingizwe katika mafunzo ya ufundi, huko Nakivale kwenyewe na Mbarara, ambako Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kimekuwapo tangu mwaka 1989. Kozi fupi ya majuma machache, kwa Kiswahili chepesi, kuhusu kompyuta za breki, yaweza kuokoa watu wengi kuliko mabango mia ya kuwahimiza madereva wawe waangalifu.

Pili, ufuatwe utaratibu wa kazi. Jeshini kila gari lina kitabu chake, na kila kilichoguswa huandikwa pamoja na jina la aliyekigusa; desturi hiyo yafaa iingie katika gereji za raia. Kabla ya kubadili chochote, fundi ahifadhi tarakimu za awali ili aweze kuzirudisha. Aingie chini ya gari athibitishe kwa macho kwamba breki ya maegesho ya umeme ipo na ni nzima. Kama haipo, kazi ikome hapo. Betri iwe na nguvu kamili, kwa maana umeme ukikatika katikati ya kuandika, kompyuta yaweza kuharibika. Ajaribu kwanza penye tambarare, kisha mlimani gari likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo, na wakati wote huo magurudumu yawe yamezuiwa kwa mawe au magogo. Mwisho amweleze dereva, kwa lugha aifahamuyo, kwamba breki ya kujishikilia ni ya kusimama kwa muda na wala si ya kuegesha. Utingo asilitupe jiwe lake.

Tatu, serikali itumie nguvu yake ya mnunuzi. Wizara, wilaya, polisi, jeshi na mashirika ya misaada hununua pikapu kwa wingi. Mnunuzi wa gari moja hana sauti. Mnunuzi wa magari mengi anasikilizwa. Kila mkataba uandikwe kwamba gari litakuja pamoja na maelezo yake ya uchunguzi na ruhusa ya kuyatumia kwa muda wote wa uhai wake, na kwamba muuzaji ataeleza kwa maandishi ni uwezo gani umelazwa ndani yake na kwa sababu gani. Kama sababu ni biashara, tujue. Kama sababu ni usalama, tujue zaidi.

Nne, tuanze nyumbani kwetu. Wanafunzi na walimu wa Makerere walionyesha gari la umeme la Kiira EV mwaka 2011, na basi la Kayoola linalosaidiwa na nguvu za jua likafuata mwaka 2016. Leo Kiira Motors, ambayo ni mali ya umma, ina kiwanda Jinja. Siku magari yake yatakapofika Isingiro, fundi wa huko asikute kufuli lile lile tulilokuwa tukiwalaumu wageni kwa kulifunga. Maelezo yake yawe wazi, na yawe kwa Kiswahili pia.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Fundi wa Mbarara anayetaka kujua kilichofichwa ndani ya breki ya gari hana kosa. Kosa ni letu tukimwacha ajibiwe na mteremko. Ni wajibu wa vyuo vyetu, wanunuzi wetu na viongozi wetu wa ufundi kuhakikisha kwamba jibu analipata mapema, kwa lugha yake, gari likiwa bado limesimama.